Wakili Msanii

Kila nikikutana na mtu mpya, iwe harusini, kwenye daladala au hata msibani, mazungumzo yakigusa shule huwa najua yatakavyokwenda. "Ulisomea nini?" Sheria. Uso unamchangamka. "Kumbe wakili!" Hapana, mimi mwandishi wa habari. Uso unarudi ulikotoka. "Sasa sheria uliipeleka wapi?" Namwambia sikusoma sheria peke yake, nilisoma shahada mbili kwa mpigo, sheria na sanaa. Hapo ndipo anapoweka kijiko chini. "Sanaa? Yaani maigizo?"

Basi inabidi nianze kueleza. Sanaa ya chuo kikuu siyo ngoma wala filamu. Ni historia, siasa, lugha, falsafa na mambo ya jamii. Lakini nani atasubiri umalize? Kwa Kiswahili cha mjini msanii ni mmoja kati ya wawili: anayeimba au anayekupiga changa la macho. Mjomba wangu mmoja alipopata habari aliangua kicheko akasema, "Sheria na usanii! Mbona hiyo ni kazi moja?" Tangu siku hiyo pale nyumbani Tanga jina likanishika: wakili msanii.

Na hapo sijataja sehemu ya tatu, ambayo ndiyo inayowamaliza watu kabisa. Huo usanii wangu ulihusu Ulaya. Na Ulaya yenyewe nilikwenda kuisomea Australia.

Nimeulizwa habari hii na wadogo zangu wengi mno, hasa wanaotoka kidato cha sita wakiwa hawajui wajaze nini kwenye fomu. Leo naomba niseme yote kwa mpigo, mazuri na machungu.

Nilifika Melbourne Februari 2014 nimebeba makoti mawili mazito, maana niliambiwa majuu kuna baridi. Nikashuka kwenye joto la kutosha kukausha dagaa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba kule chini ya dunia majira yamepinduka. Nilipokelewa na mama mdogo, ambaye alikuwa akiishi huko miaka mingi akihudumia wazee. Yeye na mumewe walibeba sehemu kubwa ya ada yangu. Sehemu ya kwanza kabisa aliilipa baba. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na fedha hiyo hakuitoa kwenye pensheni. Aliuza nyumba ya Ngamiani aliyoachiwa na mama yake. Ndugu walipomlalamikia aliwajibu kwamba nyumba haisemi, ila mtoto akisoma atasema.

Baba alikuwa na sababu yake ya kutaka wakili. Tuna shamba la michungwa Muheza, na tangu 2009 alikuwa akivutana na jirani juu ya mpaka. Kila likizo nilipokuwa sekondari nilisikia habari ya mpaka ule asubuhi, mchana na usiku. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma sheria, baba hakuona shahada. Aliona michungwa yake.

Sasa shahada ile ilikuwaje? Australia ni jambo la kawaida kabisa mtu kuunganisha sheria na kitu kingine: biashara, sayansi, uhandisi, sanaa. Badala ya miaka 3 ya hiki na miaka mingine ya kile, unasoma vyote miaka 5 na unatoka na vyeti viwili. Upande wa sheria kuna maeneo 11 ambayo huwezi kuyakwepa ukitaka kuja kuwa wakili kule: jinai, mikataba, mali, ushahidi, katiba, makampuni, maadili ya kazi na mengineyo. Upande wa sanaa unachagua eneo lako kuu. Mimi nikachagua masomo ya Ulaya, yaani historia na siasa za bara lile, taasisi zake, pamoja na lugha moja ya huko.

Niseme ukweli kwa nini niliichagua Ulaya? Watu hudhani nilikuwa na ndoto. Ndoto gani! Niliangalia ratiba. Vipindi vyake vilikuwa asubuhi, na mimi mchana na usiku nilikuwa na miadi na sinki la vyombo kwenye mgahawa mmoja wa Mgiriki. Viza ya mwanafunzi wakati huo iliruhusu kazi saa 40 kwa kila wiki mbili, na mimi nilizibana zote. Enyi mnaowacheka wabeba boksi, mimi boksi sikubeba, nilibeba sufuria.

Lugha niliyochukua ni Kijerumani. Siku ya kwanza mwalimu, mama mmoja mpole, akatuuliza kila mtu ataje neno lolote la Kijerumani analolijua. Wenzangu wakataja bia na magari. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Shule." Akadhani namwiga. Nikaongeza, "Hela." Akanitazama. Ikabidi nieleze kwamba shule yetu imetokana na Schule yao, na hela ilikuwa Heller, senti ya koloni lao la Afrika Mashariki tangu 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Yule mama alivuta kiti akakaa. Alikuwa Mjerumani wa kuzaliwa, amefundisha miaka yote hiyo, na hakuwahi kujua kwamba maneno mawili ya kwao yanasemwa kila siku na mamilioni ya watu ambao hawana habari na Ujerumani.

Mambo ya namna hiyo yalinitokea mara kwa mara. Katika mhadhara juu ya uhusiano wa Uingereza na Ujerumani, mhadhiri alionyesha ramani ya Bahari ya Kaskazini na kisiwa kimoja kidogo kinachoitwa Heligoland, ambacho eneo lake halifiki hata kilomita 2 za mraba. Akasema Ujerumani ilikipata kutoka kwa Waingereza kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, kisha akaendelea mbele. Mimi nikanyoosha mkono. Kwa sababu mkataba huohuo, ndugu zangu, ndio ambao kwao Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, ikaiachia Witu, na Waingereza wakaahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani pwani ya bara, Tanga yetu ikiwemo. Sultani akalipwa marki milioni 4. Kwenye somo lao ilikuwa habari ya kisiwa. Kwangu ilikuwa habari ya mtaa niliozaliwa. Kijana wa kiti cha mbele akageuka akaniuliza Zanzibar iko wapi.

Sikumlaumu. Hata mimi sikujua Heligoland iko wapi.

Upande wa sheria nilitegemea kuchoka. Sheria ya Umoja wa Ulaya inajulikana kwa ukavu wake: kanuni, maagizo, ibara ndani ya ibara. Lakini ukichimba unakuta watu. Kesi iliyonikamata kuliko zote ni ya Flaminio Costa, wakili wa Milano. Italia ilitaifisha umeme mwaka 1962 na kuunda shirika la ENEL. Costa, aliyekuwa na hisa kwenye kampuni mojawapo iliyotaifishwa, akagoma kulipa bili ya umeme. Bili yenyewe lira 1,925, fedha ndogo tu. Akaenda kwa hakimu wa usuluhishi, ngazi ya chini kabisa, na hakimu yule akapeleka swali Luxembourg. Mwaka 1964 Mahakama ya Ulaya ikatamka kwamba sheria ya Jumuiya ikigongana na sheria ya nchi, ya Jumuiya ndiyo inayotangulia. Neno hilo halikuandikwa popote kwenye mkataba. Costa mwenyewe bili haikufutwa kwa hukumu ile na umeme ulibaki mikononi mwa serikali. Lakini kanuni iliyotoka kwenye ubishi wake ikazifunga nchi nzima nzima.

Mwaka mmoja kabla, 1963, kampuni ya usafirishaji ya Uholanzi, Van Gend en Loos, ilibisha kutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 8 badala ya 3 kwa kemikali ya kutengenezea gundi iliyotoka Ujerumani Magharibi. Majaji wakasema mkataba haukuzipa haki serikali peke yake, unampa haki hata raia, naye anaweza kuzidai mahakamani kwao. Mimi nilisoma hukumu hizi usiku wa manane, mikono inanuka sabuni ya vyombo, nikiwaza: kumbe mtu mmoja mwenye kinyongo na bili anaweza kulitikisa bara!

Nikaanza kuitafuta habari kama hiyo kwetu. Ipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikufa 1977, na hii tuliyonayo ilizaliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Una mahakama yake palepale Arusha. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake 10 walikwenda pale kulalamika kwamba wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa kama ibara ya 50 ya mkataba inavyotaka. Novemba mwaka huo Mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba kweli mkataba ulikiukwa. Serikali zilikasirika, na ndani ya mwezi mmoja tu baada ya zuio lile zikakubaliana kuurekebisha mkataba ili mahakama iwe na kitengo cha rufaa. Nilipoandika insha juu ya jambo hili mwalimu wangu wa sheria alikiri hakuwa amewahi kuisikia mahakama ya Arusha. Akanipa alama nzuri na kuniomba nakala ya hukumu.

Ibara ya 50. Ishikeni namba hiyo.

Tarehe 24 Juni 2016, Ijumaa, nilikuwa kazini mgahawani. Uingereza ilikuwa bado usiku, kwetu Melbourne ilikuwa mchana. Redio ya jikoni ikatangaza kwamba Waingereza wamepiga kura kutoka kwenye Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 kwa 48.1. Nilikuwa na sahani mkononi. Miaka miwili na nusu nimekariri jinsi bara lile linavyoungana kidogo kidogo, nchi 6 zikawa 9, zikawa 12, zikawa 15, mpaka 28. Hakuna mahali nilipofundishwa kurudi nyuma. Kulikuwa na ibara moja tu katika Mkataba wa Umoja wa Ulaya inayozungumzia nchi kutoka, na darasani tuliipita kwa sentensi mbili. Ibara ya 50.

Yule bosi wangu Mgiriki akacheka kicheko kisicho na furaha. Nchini kwake, Julai 2015, asilimia 61 ya wapiga kura walisema hapana kwa masharti ya wakopeshaji, na wiki hiyohiyo iliyofuata serikali yao ikakubali masharti magumu. "Sisi tulisema hapana," akaniambia, "nani alitusikia? Hawa watasikilizwa, utaona." Walisikilizwa kweli. Waliondoka tarehe 31 Januari 2020.

Mwezi uliofuata kura ile, Tanzania ikasema haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu zilizotolewa ni huko kujitoa kwa Uingereza. Kenya na Rwanda wakasaini tarehe 1 Septemba 2016. Kenya baadaye ikafanya mkataba wake peke yake, ukasainiwa Desemba 2023 na kuanza kazi Julai 2024. Nakumbuka nilimpigia baba kumweleza kwa nini kura ya Waingereza inagusa maua ya Naivasha na kahawa ya Kilimanjaro. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na machungwa?"

Katika mwaka wa nne nikaamua kuandika tasnifu. Mhadhiri alitaka tusome Mkataba wa Roma wa tarehe 25 Machi 1957, ule ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, neno kwa neno pamoja na viambatisho. Hakuna anayesoma viambatisho. Mimi nilisoma kwa kuwa sikuwa na ujanja mwingine. Wenzangu walikuwa wepesi wa kuongea darasani, mimi uwezo wangu ulikuwa kukaa na karatasi. Kwenye kiambatisho cha nne nikakuta orodha ya nchi na maeneo ya ng'ambo yanayoambatanishwa na Jumuiya. Humo kuna Kongo ya Wabelgiji. Kuna Ruanda-Urundi. Kuna Visiwa vya Komoro, Madagaska, na Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Yaani Bukavu, Bujumbura na Moroni, miji ambayo leo ukiingia unaweza kusalimia "hujambo" ukajibiwa, ilikuwemo ndani ya karatasi ya kwanza ya Ulaya mpya. Sahihi chini ni za nchi 6: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Luxembourg na Uholanzi. Wale wa kwenye orodha hawakuitwa mezani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shahada hizi mbili zimefungwa pamoja. Sheria ilinifundisha kusoma kilichoandikwa: neno hili linabana nani, ibara hii inampa nani haki. Historia ilinifundisha kuuliza nani alikuwepo ilipoandikwa, na nani alikuwa nje ya mlango. Ukiwa na moja bila nyingine unakuwa na jicho moja.

Nikadhani nimemaliza kusoma. Kumbe mtihani ulikuwa Muheza.

Nilirudi Machi 2019. Baba alinipokea stendi, tukapanda bajaji mpaka nyumbani, tukala. Sahani zilipoondolewa akaingia chumbani, akatoka na lile sanduku la bati la babu yake. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na karatasi moja ya rangi ya chai. Juu imepigwa chapa kwa Kijerumani, chini imejazwa kwa mkono. Nilikuwa sijawahi kuiona. Baba akasema, "Hii ndiyo hati ya shamba. Wajerumani walimwandikia babu. Uliponiambia mwaka wa kwanza kwamba unasoma Kijerumani, nililala usingizi mzuri. Nimekusubiri miaka mitano uje unisomee."

Miaka mitano. Hakuwahi kuitaja kwenye simu hata mara moja, kwa kuogopa watu wasije wakaiba.

Nikaishika. Juu niliweza kusoma Tanga, mwaka 1908, na neno la ofisi ya wilaya. Chini, pale penye mkono, sikuelewa hata mstari mmoja. Wajerumani wa zamani waliandika kwa mwandiko unaoitwa Kurrent, herufi zake kama miiba ya samaki, na Wajerumani wengi wa leo nao hauwapiti kooni. Nikamwambia baba mwandiko ni mgumu. Akanitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesema daftari limepotea.

Usiku ule nikaipiga picha nikamtumia yule mama wa Kijerumani wa Melbourne. Baada ya siku mbili akajibu. Ilikuwa stakabadhi. Babu wa baba alilipa rupia 3, kodi ya kibanda ya mwaka ule. Jina lake lipo. Shamba halikutajwa popote, wala mpaka.

Mkutano wa usuluhishi ulikuwa Alhamisi. Nilipewa majibu Jumanne. Jumatano nzima nilizunguka na simu mfukoni kama mtu aliyebeba taarifa ya msiba. Nilijaribiwa, sitaficha. Karatasi hakuna aliyeweza kuisoma Muheza nzima. Ningesema "hii ni hati", nani angebisha? Wakili msanii angefanya usanii wake, michungwa ingebaki, na nyumba ya Ngamiani ingekuwa imelipa. Miaka mitano nilisoma jinsi karatasi zisizosomeka na wenyeji zilivyotumika kuchukua ardhi za watu. Na mimi sasa niko nayo mkononi, nafikiria kuitumia vilevile dhidi ya jirani aliyenipa machungwa nikiwa mdogo.

Nikamwambia baba usiku baada ya swala ya isha. Nilimsomea neno moja moja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Rupia tatu zilikuwa nyingi?" Nikamwambia kwa mtu wa kijijini zilikuwa nyingi. Akatikisa kichwa. "Basi angalau alilipa," akasema, akaikunja ile karatasi na kuirudisha kwenye kitambaa.

Baraza la Ardhi la Kijiji halihukumu, linasuluhisha. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Wakili hakuwa na kazi pale. Nilikaa kwenye jamvi na watu wengine. Baba alisimama, akaeleza anavyoukumbuka mpaka, na mwishoni akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba karatasi aliyokuwa akiitamba miaka yote ni risiti ya kodi, mwanawe amemsomea. Kukawa na minong'ono. Mmoja wa wale wajumbe wanawake, bibi aliyezidi miaka 70, akauliza minyaa ya zamani iko wapi. Watu wakainuka wakaenda kuitafuta, wakakuta visiki vyake ndani ya majani. Mpaka ukawekwa pale. Tulipoteza mistari miwili ya michungwa. Jirani aliupoteza mwembe wake mmoja. Jioni ileile alituletea maembe.

Nikamkumbuka hakimu wa usuluhishi wa Milano. Hata yeye alikuwa ngazi ya chini kabisa.

Sasa lililobaki ni hili. Mwenye shahada ya sheria akitaka uwakili Tanzania Bara hupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, na mwenye cheti cha nje huanza kwanza na kutambuliwa kwa cheti chake. Baba alishaniulizia fomu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeandika makala moja tu, kuhusu migogoro ya mipaka Muheza, na gazeti moja likaichapa na kuniita. Ilinibidi nimwambie mzee aliyeuza nyumba kwamba sitavaa joho.

Nilijiandaa kwa hotuba. Hakuniruhusu hata niianze. Aliniuliza swali moja: "Huko gazetini, karatasi za watu utawasomea?" Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo kazi yenyewe: mikataba ya madini, bajeti, hukumu, mambo ambayo watu husainiwa bila kusomewa. Akasema haya. Lakini sitawadanganya kwamba alifurahi. Mpaka leo kukiwa na harusi ya mtoto wa rafiki yake aliye wakili, baba hurudi nyumbani kimya, na mimi najua anachowaza. Deni hilo ninalo.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza kama ukasome sheria na sanaa, tena za Ulaya, jibu langu ni hili. Ukitaka kazi ya haraka, usiende. Ukitaka uwakili wa hapa nyumbani, soma sheria za hapa. Sheria ya ardhi ya kwetu nilijifunza mwenyewe kwa tochi ya simu baada ya kurudi. Lakini ukienda, soma viambatisho. Jifunze lugha, na ukijifunza lugha ya watu jifunze na mwandiko wao wa zamani. Na kabla hujaondoka, muulize mzazi wako kama kuna karatasi sandukuni anayokusubiri uje uisome. Muulize mapema.

Mwaka jana nilijiandikisha kwa yule mama wa Melbourne, kwa njia ya intaneti, Jumamosi saa moja moja. Tunasoma Kurrent. Sasa naweza kulisoma jina la babu wa baba yangu bila msaada wa mtu.

Haya, alamsiki.